Flaiwili ya Johnson ya mzee ilinikalia siku mbili

Jumatatu moja asubuhi, hata sijafungua kufuli ya kibanda, nikakuta mkokoteni umesimama mlangoni na juu yake kuna injini ya boti imefunikwa gunia, na kando yake mzee ameketi kwa jiwe ananingoja. Mimi kwa asili ni fundi wa pikipiki, kazi nilijifunzia Nakuru nikiwa kijana, nikaja Kisumu kutafuta maisha na nikapata kibanda upande wa Dunga, na ukikaa Dunga na uko na spana mkononi wavuvi hawawezi kukuacha utengeneze boda peke yake. Watakuletea injini. Kwanza ya rafiki, halafu ya shemeji ya rafiki, mwisho unajikuta kila asubuhi uko na drumu ya maji hapo nje na injini imening'inia.

Mzee akaondoa gunia. Johnson ya zamani, silinda mbili, zile za pointi (visahani viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga ndio plagi itoe moto), rangi imebaki mahali mahali tu. Siku hizi ukitembea pwani yote kutoka Dunga mpaka Usenge ni Yamaha tu utaona, kwa hivyo Johnson ikikuja watu wanasimama kuangalia.

"Wuoda," yaani mwanangu, akaniambia, "hii kitu imenichosha. Walisema plagi, nikanunua plagi. Walisema kabureta, ikaoshwa mara tatu. Walisema pampu ya mafuta, nikabadilisha. Sasa wewe utasema nini?"

Nikamwambia jaduong, mzee wangu, wacha kwanza niisikie.

Wakati tunaifunga kwa drumu akanieleza kilichomleta. Wiki iliyopita alikuwa na kijana wake na watu wengine wawili wakitoka upande wa kisiwa cha Ndere, saa nane mchana, na wale mnajua ziwa mnajua hiyo saa upepo unaanza kupanda. Injini ikaanza kutetemeka ikakosa nguvu, ilikuwa inanguruma lakini boti haisongi, mawimbi yanawarudisha, halafu gugu maji likawazunguka na propela ikajifunga. Wakatoa makasia. Walifika Dunga saa tatu usiku, na yeye ako juu ya miaka sitini. Alikuwa anaongea polepole akiangalia injini, haniangalii mimi, na nikaelewa huyu mtu hajakuja kutengeneza injini tu, amekuja kujua kama ataingia tena ziwani au la.

Tukaiwasha kwa drumu. (Na hapa niseme kabisa, usiwahi kuwasha injini ya boti bila maji hata kama ni ya kusikia sauti tu, ile impela ya raba ya kuvuta maji chini inaungua haraka sana na sasa utakuwa na shida mbili.) Ilishika mara ya tano. Sauti haikuwa sauti ya silinda mbili. Nikavuta kofia ya plagi ya juu na plaia iliyofungwa raba, injini ikazima papo hapo. Nikaiwasha tena, nikavuta ya chini, ikaendelea vile vile kama haijaguswa. Basi hapo nimeshajua silinda ya chini imelala, inabebwa tu na mwenzake. Nikatoa plagi ya chini, imelowa petroli, maana yake mafuta yanafika. Nikaiweka kwa bloku nikavuta kamba, hakuna moto. Nikaweka ile ya juu yenye ilikuwa inafanya kazi, bado hakuna moto. Mafuta yako, kompresheni iko, plagi ni nzima, moto hakuna. Na kwa hizi injini za pointi kila kitu kinachotengeneza moto, pointi, kondensa, koili zote, zimekaa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka juu ya injini.

Sasa ukiangalia vizuri zile vitu zote mzee alikuwa amelipia, plagi, kabureta, pampu, zote ziko nje. Ni vitu mkono unafikia. Mafundi watatu wamepita kwa hiyo injini na hakuna hata mmoja alifungua flaiwili, na siwalaumu sana kwa sababu najua ni kwa nini. Flaiwili inaogopesha. Ukienda vibaya unaharibu kitu chenye huwezi kununua kwa duka lolote la hapa mjini, kwa hivyo fundi anazunguka zunguka pale nje akibadilisha chenye anaweza na mwenye injini anaendelea kulipa.

Najua kwa sababu mimi nilishawahi kuiharibu. Miaka ya kwanza nikiwa Dunga kijana mmoja aliniletea Yamaha yake, na mimi nikitoka kwa pikipiki nilikuwa naona flaiwili ni kitu rahisi, kwa boda ile magneti unaweka pula yake, kifaa cha kuivuta itoke, inajifunga kwa nyuzi za pale katikati, unakaza, inaruka, umemaliza. Hii ya boti haina hizo nyuzi za katikati. Nikaazima pula ya miguu mitatu, ile ya kutoa beringi, nikashikisha kucha zake kwa ukingo wa flaiwili na nikaanza kukaza. Ilitoka, ndiyo, lakini ukingo ulikuwa umeinuka upande mmoja, kidogo tu, huwezi hata kuona kwa macho mpaka uizungushe. Nilipoirudisha ikawa inakwaruza koili kila mzunguko. Nilitafuta flaiwili nyingine ya mtumba kwa wiki tatu na nikailipa mimi, kodi ya nyumba ya mwezi huo nililipa kwa kukopa, na yule kijana wiki tatu hizo hakuingia ziwani. Hiyo ya mwisho ndiyo iliniuma kuliko pesa. Mtu wa omena akikaa wiki tatu nje ya maji nyumbani kwake kunajulikana.

Kwa hivyo wacha nieleze venye flaiwili imekaa, kwa sababu ukielewa hii hutashika nyundo. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kule juu imechongwa kama koni, chini nene juu nyembamba, hiyo tunaita tepa. Shimo la flaiwili nalo limechongwa hivyo hivyo. Ukikaza nati ya juu flaiwili inashuka kwa hiyo koni na inabana, chuma kwa chuma, na huko kubanana ndiko kunabeba kazi yote. Kuna kipande kidogo cha chuma kama nusu mwezi, kii, kinakaa kati yao, na watu wengi hufikiria kii ndiyo inashika flaiwili. Hapana. Kii ni ya kuonyesha flaiwili ikae wapi tu ndio moto uje kwa wakati wake. Nati ikilegea, kii peke yake haiwezi, inakatika, flaiwili inateleza kidogo, na hapo injini inaanza kurudisha kamba kwa nguvu mpaka inataka kukuvunja kidole, ama inatoa moto kwa kabureta, na wewe uko hapo unaosha kabureta. Nimeona hata mtu amekata msumari akaweka mahali pa kii. Msumari si kii, jamani.

Na kwa sababu ni koni, haihitaji kuvutwa mbali. Ikisonga upana wa unywele tu imeachilia yote. Lakini kabla isonge huo unywele imekazana kama imechomelewa, hasa kama imekaa miaka mingi na unyevu umeingia.

Nikaanza na stata ya kamba, nikaitoa. Chini yake kuna kile kikombe cha stata kinachozunguka na flaiwili, kimefungwa na bolti tatu, na bolti tatu hizo zinaingia kwa mashimo matatu ya flaiwili, na kwa hii injini mashimo hayo ndiyo yale yale ya kufunga pula. Nikatoa bolti ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikazunguka nusu, ikakwama, nikairudisha, nikaiongeza, nikairudisha, mpaka ikatoka na nyuzi zimejaa vumbi ya chuma inang'aa. Nikaziweka zote tatu kwa kiganja. Mbili ni za zamani, zimefanana. Ya tatu ni mpya, kichwa kimeandikwa 8.8, ni ya milimita.

Hapo nikakaa chini.

Johnson ni injini ya Marekani, bolti zake ni za inchi. Hizo mbili za zamani zilikuwa 5/16, meno 18 kwa inchi moja. Sasa 5/16 ya inchi ni kama milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 ukiishika kando yake hutaona tofauti kwa macho. Tofauti iko kwa meno. Ya milimita 8 ya kawaida jino moja kwa jingine ni milimita 1.25, hiyo ya inchi ni kama 1.41. Inaingia vizuri mizunguko miwili, unafikiri umepata, halafu inaanza kukaza na fundi anasema ni kutu na anaongeza nguvu, na hapo inakula nyuzi za flaiwili. Mtu alikuwa amepoteza bolti moja ya kikombe akatafuta yenye inafanana. Hakufanya kwa ubaya. Lakini kama ningefunga pula kwa hilo shimo bila kuangalia, nyuzi zingeng'oka nikiwa katikati ya kukaza na flaiwili ingevutwa na bolti mbili upande mmoja, na hiyo ndiyo njia ya kuipinda.

Kupata bolti za inchi Kisumu si rahisi kama hujui pa kwenda. Kwa duka za spea za kawaida unaulizwa ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, wakimaanisha spana, na zote ni milimita. Mimi nikapiga simu kwa fundi wa trekta. Sisi huku tuko na bahati moja, mashamba ya miwa, Chemelil, Muhoroni, huko kote kuna Massey Ferguson za zamani na hizo ni za Uingereza, zimejaa bolti za inchi. Rafiki yangu anatengeneza hizo trekta, akanitumia bolti sita za 5/16 za meno makubwa na tapu yake, chuma cha kuchonga nyuzi, ndani ya mfuko wa unga kwa matatu, ikafika saa kumi jioni. Spana yake ni ya nusu inchi. Ya 13 inaingia lakini inacheza kidogo, na kwa bolti yenye umeitafuta hivyo usijaribu.

Ile tapu nilipitisha kwa shimo la tatu kwa mkono, polepole na mafuta kidogo, robo mzunguko mbele, nusu nyuma. Nyuzi mbili za juu zilikuwa zimeenda, lakini za chini zilisafishika zikashika. Nilifurahi sana hapo.

Pula yenyewe nilitengenezesha. Niliweka kipande cha katoni juu ya mashimo nikakandamiza na kidole chenye grisi, alama tatu zikatokea na ya katikati, nikaenda nayo Kibuye kwa vijana wa kuchomelea. Bamba la chuma la milimita 12, wakatoboa mashimo matatu kulingana na katoni, na katikati wakachomelea nati nene ya bolti kubwa ngumu. Ncha ya hiyo bolti nikaipiga faili mpaka ikawa ya mviringo, ndio isichimbe krenki. Usikubali bamba jembamba, watakuambia linatosha, litajikunja kama sahani.

Jioni hiyo nikalegeza nati. Kushika flaiwili isizunguke nilitumia mkanda wa siti ya gari, umezungushwa kwa flaiwili na kufungwa kwa bomba. Kuna wale hutia kamba ndani ya silinda kupitia shimo la plagi ili pistoni ikwame, na inafanya kazi, lakini hii ni tustroki, kuna matundu kwa ukuta wa silinda, kama pistoni iko chini wakati unaingiza kamba, kamba inaweza kuingia kwa tundu na ukizungusha inakatwa hapo ndani. Kama lazima ufanye hivyo pandisha pistoni kwanza ifunike matundu. Mimi naona mkanda ni salama.

Nati sikuitoa yote. Hii nasisitiza sana. Unailegeza mpaka sehemu yake ya juu ilingane na ncha ya krenki, basi, unaiacha hapo. Inalinda nyuzi za krenki zisipanuke, na flaiwili ikiachilia hairuki ikakupiga kifua, inagonga nati inasimama. Halafu nikafunga bolti tatu za pula, nikihesabu mizunguko, kwa sababu zikiingia fupi zinang'oa nyuzi na zikiingia ndefu sana zinatokea chini zinagonga koili. Grisi kidogo kwa ncha ya bolti ya katikati. Nikakaza mpaka mkono ukasema basi, nikapima na rula kila upande kuona bamba liko sawa. Nikagonga kichwa cha bolti ya katikati mara moja, kavu, si nyundo ya mawe, nyundo ya kawaida. Nikakaza robo. Nikagonga. Hakuna kitu.

Kijana wangu wa kazi akasema tulete moto wa gesi tuipashe. Nikamwambia hapana, na nikamweleza. Sumaku ziko ndani ya hii flaiwili, zikipata moto mwingi zinapungua nguvu, na chini yake kuna sili ya mafuta ya krenki, ni raba. Utaitoa flaiwili ndiyo, lakini utarudisha chuma tu. Jirani akasema basi tupige krenki na nyundo huku wawili wameinua flaiwili na nondo. Huyo nilimjibu kwa ukali kidogo na baadaye nikaenda kumwomba radhi, lakini kweli krenki hizi zimekaa kwa beringi, ukiipiga juu inaenda na beringi.

Tulichofanya ni kuchemsha maji kwa sufuria, nikaloweka vitambaa, nikavizungusha pale katikati ya flaiwili karibu na nati, nikabadilisha kila vikipoa. Nikaweka tone la mafuta ya kulegeza kutu. Nikakaza robo nyingine. Saa mbili usiku tukaiacha hivyo imekazwa, nikafunga kibanda nikaenda nyumbani, na sitasema uongo, usiku sikulala vizuri. Nilikuwa naona tu ile Yamaha.

Asubuhi nikafika kabla ya saa moja. Niliitazama, hakuna kilichobadilika. Nikashika spana nikaongeza robo, si hata robo, kidogo tu, na nikainua nyundo kugonga, na kabla nyundo ifike nikasikia TWAA, moja tu, kali, kama mtu amevunja ubao mkavu. Kijana alikuwa nje anachota maji akadondosha ndoo. Flaiwili ilikuwa imepanda labda milimita moja na imegusa nati. Nikaishika na vidole viwili ikacheza. Siku nzima na usiku mzima imekataa, sasa inacheza na vidole viwili.

Tulipoiinua, kwanza ni harufu, ile ya chuma ya mvua. Kwa sumaku kulikuwa kumeshika unga wa kutu kama manyoya ya paka, na waya kidogo za chuma sijui zilitoka wapi. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo kona moja, imekauka. Nikatafuta kii kwanza kabisa kabla haijaanguka kwa mchanga, ilikuwa bado kwa mfereji wake, nzima, ina alama upande mmoja tu. Nikaifunga kwa karatasi nikatia mfuko wa shati.

Pointi za juu zilikuwa chafu lakini zinafanya kazi. Za chini zilikuwa zimeota ile kutu nyeupe. Nikasema nimepata. Lakini wakati napitisha tochi pembeni nikaona waya wa pointi za chini, ule mwembamba, umepitishwa vibaya juu ya skrubu na ganda lake limesagika mpaka chuma kinaonekana, kinagusa bamba. Huo waya ukigusa bodi, pointi hata zifunguke hazijafunguka, karenti inapita hapo na koili haiwezi kutoa moto. Urefu wa mahali palipoharibika haufiki ukucha wangu.

Nilimwita mzee aje aone mwenyewe kabla niguse. Akavaa miwani, akainama, akakaa hapo muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe ni hii."

Waya mpya, nikaupitisha mbali na skrubu. Pointi nikazisugua na msasa laini, halafu nikapitisha kati yake karatasi safi iliyolowa petroli, ikavutwa mara kadhaa mpaka ikatoka nyeupe, kwa sababu chembe ya msasa ikibaki hapo umefanya kazi bure. Uwazi wake kwa hizi Johnson ni inchi 0.020, nusu milimita hivi, na unapima pointi zikiwa zimefunguka mwisho, pale kamu inasukuma zaidi. Nilipima na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, mara tatu kila upande. Tone la grisi kwa kamu, tone kweli, ikizidi inaruka kwa pointi.

Kurudisha ni rahisi lakini ndio mahali watu wanaharibu. Tepa ya krenki na ndani ya flaiwili nilisafisha na petroli na kitambaa mpaka kavu kabisa, bila mafuta, bila grisi. Mtu anaona itakuwa vizuri kupaka grisi ndio itoke rahisi siku nyingine, lakini hiyo koni inashika ikiwa kavu, grisi inadanganya. Kii nikaiweka isimame wima sambamba na krenki, si kulalia mteremko wa tepa. Halafu nikageuza flaiwili nikapitisha mkono kwa sumaku zote, kila moja, kabla ya kuishusha. Siku moja nilikuta washa, ile pete ya bati ya chini ya nati, imejificha hapo imeshikwa na sumaku, ingezunguka mara moja tu ingekula koili yote. Nati nikakaza na torki renchi ya kuazima kwa kiwango cha kitabu cha injini, sikukadiria kwa mkono. Na bolti tatu za kikombe zote sasa ni 5/16, zote tatu zinafanana.

Kwa drumu ilishika mara ya pili, na sauti hiyo hata wale wa kuuza samaki kule mbele waligeuka. Nikamuuliza mzee anachanganya mafuta vipi, akasema kwa macho. Nikampimia, lita moja ya oili kwa petroli lita 50, kwa hivyo jerikeni ya lita 20 ni mililita 400, nikamkatia chupa ya soda na kuweka alama ya rangi ndio asikadirie tena.

Akaniuliza ni pesa ngapi. Nikamwambia, nikamhesabia bolti za trekta, lakini kuchomelewa kwa pula sikuweka kwa bili yake kwa sababu pula inabaki kwangu. Alilipa yote hapo hapo. Halafu akasema, "Lakini wewe utaingia na mimi." Sikuelewa. Akaonyesha ziwa.

Kesho yake saa tatu asubuhi tukaingia, mimi, yeye na kijana wake, jaketi za kuokoa maisha tumevaa wote watatu, ziwa limetulia kama sahani. Tulipita Hippo Point, akafungua trotoli yote, mbele ya boti ikainuka na nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini nikiisikiliza kwa mkono, silinda mbili, zimelingana. Hakuongea. Tulienda mbali, mpaka nyumba za mjini zikawa ndogo, na hapo akapunguza, akapunguza, akazima kabisa. Kimya. Maji tu yanagonga mbao.

Akamwangalia kijana wake, akamwambia kwa Kijaluo kuwa ni hapa walianza kupiga makasia. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Halafu mzee akashika kamba na akavuta mara moja.